Mwendeshaji Asibebe Peke Yake: Namna ya Kugawana Kazi Kwenye Meza ya Dungeons & Dragons

Kampeni nyingi za Dungeons & Dragons zinafia kwenye grupu la WhatsApp. Huu ni mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi: kila mchezaji ana mhusika wake, mwendeshaji anaisimamia dunia iliyobaki, dadu zinaamua yasiyo na uhakika, na kampeni ni hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao. Mwendeshaji anaandika Alhamisi jioni, "Jamani, wiki hii sitaweza, tuonane wiki ijayo," watu wanamjibu kwa kidole gumba, wiki ijayo inapita, na hakuna anayeuliza tena. Ukimdodosa, utakuta mchezo wenyewe bado anaupenda. Kilichomchosha ni kuwa katibu, mwenye nyumba, mwalimu wa kanuni, mpatanishi na mtunzi wa hadithi kwa wakati mmoja, huku wenzake wakija na dadu zao tu, na wengine hata hizo wanaazima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwongozo huu ni wa meza yenye mwendeshaji mmoja, au DM (Dungeon Master) kama wengi wanavyomwita, na wachezaji watatu hadi watano wanaotumia toleo la tano, lile lililotoka 2014. Wanaocheza mifumo mingine wataona wenyewe pa kurekebisha. Msimamo wangu nautaja mapema: karibu kila kitu kinagawanyika, isipokuwa neno la mwisho wakati mchezo unaendelea. Hilo libaki kwa mtu mmoja, maana meza inayojadiliana kila dadu inapoanguka vibaya itafika usiku wa manane bado imesimama mlangoni mwa pango.

Hatua ya 1: Tajeni kazi zote kabla ya kuzigawa

Chukueni karatasi. Mwendeshaji anyamaze kwanza, wachezaji wataje kila wanachodhani anakifanya, kisha yeye aongeze. Orodha ya wachezaji kwa kawaida inaishia kwenye mazimwi, ramani na zile sauti za kuchekesha. Ya kwake inaendelea: kutafuta siku inayowafaa wote, kukumbushia, kutafuta mahali, kusoma kanuni, kukumbuka nani alimwahidi nani nini vikao vitatu nyuma, kuhesabu zamu za vita, kufuatilia uhai wa goblini saba, kumwelekeza mgeni, kumwona aliyenyamaza, kumpunguza kasi anayeongea sana.

Zitengeni mafungu matatu. Kuna kazi za mikono, kama ratiba na hesabu. Hizi ziondoke kwa mwendeshaji zote. Kuna kazi za hadithi, yaani dunia na watu waliomo. Hizi zigawanywe kiasi, nitaeleza chini. Na kuna kazi za watu, yaani nani ana raha na nani amekwazika. Hizo ni za kila aliyekaa mezani, hata kama hakuna aliyezitaja.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi za mikono leo hii

Asiyekubali hatua nyingine zote akubali hii, kwa sababu haigusi ladha ya mtu na nafuu yake inaonekana kikao kinachofuata. Tena si ubunifu wa vijana wa sasa. Mchezo wenyewe ulitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na seti ya wanaoanza ya 1981 ilikuwa tayari inawapa wachezaji vyeo: mmoja awe msemaji wa kundi, anayemwambia mwendeshaji kundi zima linafanya nini, na mwingine awe mchora ramani, anayechora pango kwa kusikiliza tu maelezo. Msemaji simpendekezi leo, kwani anawameza wapole. Lakini wazo la kila mchezaji kuwa na shughuli ya meza lilikuwa zuri na sijui kwa nini tuliliachia lipotee.

*Mratibu.* Huyu ndiye anayepanga siku, anayekumbushia, anayekusanya mchango wa soda na maandazi. Asiwe mwendeshaji kamwe. Mpeni na kanuni moja ya kumsaidia: tukifika watatu, tunacheza. Bila hiyo, mtu mmoja mwenye udhuru anawaangusha wote, na mwendeshaji aliyejiandaa siku mbili anaambiwa "basi tena" saa moja kabla.

*Mshika zamu.* Vita vikianza, huyu anauliza namba ambayo kila mmoja ameirusha kupanga nani anaanza, anaandika majina kwenye vikaratasi na kuvipanga. Kila zamu anataja wahusika wawili: "Zamu ya Kipanga, Bi Mwale ajiandae." Hilo la kujiandaa ndilo linaloharakisha vita. Kinachokula muda mezani ni yule anayeanza kusoma karatasi yake pale jina lake linapotajwa.

*Mwandishi.* Asiandike kila kitu, hakuna atakayesoma. Majina, ahadi, madeni na vitu vilivyookotwa vinatosha. Kikao kijacho kikifunguliwa, mwandishi ndiye anayesimulia tulipoishia, na mwendeshaji anasikiliza. Mwendeshaji mwerevu atafaidika hapo kuliko anavyodhani: wachezaji wakimkumbuka muuza samaki aliyepita njia na kumsahau mfalme, basi ajue hadithi yao iko kwa muuza samaki.

*Mtafuta kanuni.* Likitokea swali la kanuni, yeye anafungua kitabu huku mchezo ukiendelea. Akipata jibu kabla zamu haijarudi kwa aliyeuliza, linatumika. Asipopata, mwendeshaji anaamua papo hapo, swali linaandikwa pembeni, na ukweli unatafutwa baada ya kikao. Uamuzi uliokwisha kutolewa haurudishwi nyuma hata kitabu kikisema vingine. Zimwi lililokufa limekufa.

Vyeo vizunguke kila baada ya vikao kadhaa, isipokuwa mratibu. Ukipata mratibu mzuri usimwachie.

Hatua ya 3: Kila mtu aijue karatasi yake

Toleo la tano linampa mwendeshaji mambo mengi ya kukumbuka, lakini halimdai akukumbukie nguvu zako. Mchezaji wa kasisi anayeuliza kila kikao "hivi baraka inafanyaje?" anamfanya mwendeshaji acheze wahusika wawili.

Tuichukue hiyo hiyo baraka, ile inayoitwa Bless, kwa kuwa husahauliwa kuliko nyingine. Kasisi anawabariki wenzake hadi watatu. Kila mmoja akirusha dadu kushambulia au kujinusuru na hatari, anaongeza dadu ya pande nne juu ya ile ya pande 20. Inadumu hadi dakika moja ya ndani ya hadithi, maadamu kasisi hajapoteza umakini. Akijeruhiwa, lazima arushe dadu kuona kama umakini umebaki: anatakiwa kufikisha 10, au nusu ya jeraha alilopata, ipi kubwa. Joka likimchoma kwa 26, anahitaji 13.

Sasa tazama majukumu yalivyo hapo. Mwenye kasisi anatakiwa kuwakumbusha wenzake dadu yao ya ziada, na akijeruhiwa aseme mwenyewe, "Nina umakini, ngoja nirushe," kabla hajaulizwa. Waliobarikiwa nao wana wajibu wa kukumbuka dadu yao. Mwendeshaji amebakiwa na joka tu. Mchezaji anayejitajia hasara yake bila kuulizwa anajenga uaminifu mezani kuliko hotuba yoyote, na mwendeshaji akishamwamini ataacha kumchunga.

Kisingizio cha "sina kitabu" kimekwisha nguvu. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, iliweka kanuni za msingi za toleo hili, zile za hati ya SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuzipakua bure, kuzichapa, na hata kuzitafsiri, mradi utaje chanzo. Kwa hiyo kila mchezaji atoe kurasa mbili tatu zinazomhusu, aziandike kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwa maneno anayoyatumia mezani. Atakayezitafsiri nguvu zake hatazisahau.

Na pale mwendeshaji anapokosea kwa hasara ya mchezaji, asemwe. Meza nyingi za kwetu zina kaka au dada mkubwa aliyeuleta mchezo, na wadogo wanaona haya kumrekebisha. Mfundisheni kila mmoja sentensi moja: "Kaka samahani, hapo kuna baraka yangu." Imetosha. Naye aitikie "ahsante" na kuendelea, bila kujitetea.

Hatua ya 4: Tengeneza mhusika mwenye sababu ya kuwapo

Hapa ndipo wachezaji wanapowaumiza waendeshaji wao zaidi, na mara nyingi bila kujua. Mtu anakuja na muuaji mpweke asiyemwamini yeyote, mwenye kofia iliyofunika uso, anayekaa kona ya giza ya mkahawa. Mwendeshaji anaanza: mzee mmoja anaingia, analia, binti yake ametekwa. Wenzake wanasimama. Yeye anasema, "Mhusika wangu hana habari na hilo, anaendelea kunywa." Sasa kazi ya mwendeshaji imegeuka kuwa kumbembeleza mtu mzima acheze mchezo aliojileta mwenyewe kuucheza.

Kabla ya kikao cha kwanza kila mchezaji ajibu maswali haya kwa sauti, mbele ya wenzake. Mhusika wako anataka nini ambacho hawezi kukipata peke yake? Kati ya wahusika waliopo hapa, nani anamwamini, na alimfanyia nini? Na kitu gani kitamwondoa kitandani usiku wa mvua akiambiwa kinahitaji msaada? Anayekosa jibu la swali la tatu arudi kumbuni mwingine. Simaanishi kwamba wapweke na wakorofi wamekatazwa. Muuaji mpweke anayemlinda kasisi kwa sababu kasisi alimzika mama yake ni mhusika mtamu kabisa, na bado anaweza kunuka tumbaku na kutukana.

Sentensi "ndivyo mhusika wangu angefanya" iondoeni mezani. Mhusika hana akili yake. Aliyembuni ni wewe, na wewe ndiye uliyeamua mwizi wako awaibie wenzake waliolala. Kati ya mambo kumi ambayo mhusika angeweza kufanya kwa tabia yake ile ile, chagua lile linalowapa wengine cha kufanya.

Kingine kilicho mikononi mwa mchezaji ni kugawa nafasi. Mwendeshaji peke yake hawezi kuhakikisha kila mtu amesikika. Lakini wewe unaweza kumgeukia mchezaji aliyenyamaza na kumuuliza, mhusika kwa mhusika, "Bi Mwale, kwenu watu wakizikwa mnasema nini?" Umemfungulia mlango bila mwendeshaji kuinua kidole. Toleo la 2014 lina tuzo ndogo, Inspiration, inayomruhusu mchezaji kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Kwa kanuni, anayeitoa ni mwendeshaji, na ndiyo maana inasahauliwa, kwa kuwa mikono yake imejaa. Wapeni wachezaji waitoe wao: kila kikao, kila mmoja amtuze mwenzake mara moja, kwa jambo aliloliona na kulipenda. Watu wataanza kutazamana badala ya kutazama simu.

Hatua ya 5: Wekeni mipaka pamoja, na mwilinde pamoja

Kabla hadithi haijaanza, andikeni mambo ambayo hayataingia kabisa, na yale yanayoweza kutokea ila yapite nyuma ya pazia, yatajwe na kuachwa. Ukatili kwa watoto na unyanyasaji wa kingono ni mifano inayotajwa mara nyingi. Kwetu ongezeni uchawi na majini. Mchezo huu umejaa wachawi wa kurusha moto, hao hawamsumbui mtu, lakini jini anayempanda binadamu au mganga anayeua kwa kago ni jambo lililo karibu mno na nyumbani kwa baadhi ya watu, na si vizuri mtu aligundue hilo katikati ya kikao.

Kwa yatakayojitokeza bila kutarajiwa, kuna kadi yenye alama ya X, iliyoanzishwa na John Stavropoulos mwaka 2013. Inawekwa mezani, yeyote anaigusa, na tukio linabadilishwa bila maelezo kudaiwa. Yeyote, mwendeshaji akiwamo. Waendeshaji nao wana mambo yasiyowafaa.

Tabia za nje ya mchezo zizungumzwe nje ya mchezo. Aliyechelewa mara tatu mfululizo anaweza kuambiwa na jirani yake kwenye kiti. Hakuna haja ya kumsubiri mwendeshaji. Na mwendeshaji asimtume zimwi likamfundishe adabu mtu anayekata kauli za wenzake. Atauawa mhusika, tabia itabaki.

Hatua ya 6: Waulize wachezaji dunia yao

Mwaka 2010 mchezo wa Apocalypse World wa Vincent Baker uliwaandikia waendeshaji kama kanuni: waulize wachezaji maswali, kisha yatumie majibu yao. Huhitaji kuhama D&D kuifuata. Inaonekana hivi:

"Kipanga, bandari hii umekulia. Wavuvi wa hapa hawatii nanga wapi, hata bahari ikichafuka?"

"Chini ya mnara wa taa. Wanasema mlinzi wake aliizima taa mwenyewe, usiku lile jahazi la ndugu yake lilipokuwa linaingia."

"Na wewe usiku huo ulikuwa wapi?"

"Mimi... nilikuwa juu kule. Mafuta nilimwaga mimi. Alinituma."

Mwendeshaji hakuwa na mnara wala jahazi dakika mbili zilizopita. Sasa anavyo, pamoja na mlinzi mwenye siri na mhusika mwenye hatia, na hatahitaji kumshawishi Kipanga aende huko. Angalia swali la pili. La kwanza lilileta mahali, la pili likamrudisha mahali hapo mwenye kujibu. Bila la pili mnara ungebaki pambo.

Muulize mtu mmoja kwa jina, juu ya jambo ambalo mhusika wake angelijua kweli. Ukiwauliza wote "bandari hii ikoje?" utapata kimya, kisha mzaha. Anayekwama mpe njia mbili achague: "Wanaogopa mnara au wanaogopa mtu?" Jibu likishatoka liandike, na lionekane mchezoni kikao hicho au kinachofuata, mchezaji ambaye mnara wake haukutajwa tena hatakupa mnara mwingine.

Kitu kimoja usikiulize: jibu la fumbo ambalo wachezaji wanalitafuta. Ukimuuliza mchezaji "unadhani nani alimuua liwali?" na ukalichukua jibu lake, umemnyima raha ya kulitafuta. Tena wapo watu waliokuja wapewe dunia iliyokwisha kujengwa, washangae. Ukimwona mmoja anajibu kwa shida kila mara, mwache. Mpe kazi ya ushika zamu, atakushukuru.

Hatua ya 7: Uamuzi wa kwenda wapi ufanywe kabla ya kuagana

Dakika kumi za mwisho, kabla watu hawajakusanya dadu, wachezaji waamue kikao kijacho wanakwenda wapi. Watamke, mwandishi aandike, na ahadi hiyo iheshimiwe. Mwendeshaji aliyeambiwa "tunakwenda mnarani" anaandaa mnara. Asiyeambiwa kitu anaandaa mnara, msitu na ikulu, na wachezaji wanakwenda sokoni.

Ukitaka kuona wazo hili likifikishwa mwisho, yupo Ben Robbins, aliyeandika mwaka 2007 juu ya kampeni yake ya West Marches. Huko wachezaji ndio waliokuwa wanapanga siku, wanachagua nani anatoka na nani, na wanaamua waende upande gani wa nyika. Mwendeshaji alikuwa anasubiri kuambiwa. Kwa kundi kubwa lenye ratiba zisizokutana, hasa watu wa zamu za kazi, huo ndio mpango ningeujaribu kwanza.

Hatua ya 8: Kiti cha mwendeshaji nacho kizunguke

Ars Magica, mchezo wa 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ulijengwa kwa kundi linalopokezana uendeshaji ndani ya hadithi moja. Mnaweza kufanya hivyo na D&D mkigawana ramani: bandari na mnara ni vya mmoja, milima ni ya mwingine, na hakuna anayeua wala kubadilisha kitu kikubwa cha eneo la mwenzake bila kumuuliza. Mhusika wa anayeendesha anabaki kambini kikao hicho kwa sababu yoyote inayoeleweka, homa au deni, na hapati hazina aliyoiweka yeye mwenyewe.

Anayeanza asipewe kampeni. Apewe kikao kimoja cha saa tatu, mahali pamoja, tatizo moja. Mwendeshaji wa kawaida akae kama mchezaji na ajizuie kusahihisha, jambo linalowashinda wengi. Mchezaji aliyekaa kiti kile hata mara moja tu, akarudi upande wa pili, ndiye utakayemwona anakuja na karatasi aliyoisoma.

Na mwendeshaji akisema amechoka, msimbembeleze. Chezeni kitu kisicho na mwendeshaji kwa wiki kadhaa. Fiasco ya Jason Morningstar, ya 2009, inamalizika jioni moja na kila mtu ana sehemu sawa katika kuiharibu mipango ya wahusika. Wanaotaka mapanga na nyika wachukue Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya 2018: kitabu chake cha msingi kinapakuliwa bure, mnaweza kukicheza bila kiongozi, na mratibu akikosa watu watatu wiki hiyo, hata mmoja anatosha.